Chakula Nilichokikataa La Rochelle

Alhamisi, katikati ya Julai. Rosettenville.

Baridi ya leo haina adabu. Haipigi hodi, inaingia mpaka kwenye mfupa na kuketi kama shemeji aliyekuja na begi. Jua lipo, linang'aa kweli, lakini ni jua la Julai la Johannesburg, la kutazama tu, si la kuota. Nimevaa soksi mbili mguu mmoja na tatu mguu mwingine, kwa sababu soksi zenyewe ni tano. Naandika sasa, jioni, kabla sijabadili mawazo.

Leo nimevunja kanuni ya ofisi.

Sijutii. Ninachojutia ni kwamba kwa miezi mitatu niliitii.

Kwa aliyepotea njia akaangukia kwenye ukurasa huu: kazi yangu ni kumtoa mtu mzima barabarani, kumwingiza kwenye chumba, halafu kuhakikisha hatoki. Kwa Kiingereza ina jina refu lenye heshima. Sehemu mbili za kwanza ni makaratasi, na makaratasi hayana ubishi, ukiyajaza, yanajaa. Sehemu ya tatu ndiyo inayotuzeesha. Sikuisomea. Kabla ya hapo nilisuka nywele miaka minne kwenye saluni moja hapa mtaani, na shule ni ile ile. Kichwa cha mtu kikiwa mikononi mwako saa nne nzima, atakwambia kila kitu isipokuwa kile ulichomuuliza.

Mteja wangu ni Papa Lazaro; papa kwetu ni baba. Sisi tunawaita wateja, kana kwamba waliingia dukani na wanaweza kutoka wakiichukia bei. Ni fundi cherehani kutoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kusini ya kwetu Uvira. Mwendo wa asubuhi mpaka jioni barabara ikiwa mbaya, na sijawahi kusikia siku ilipokuwa nzuri. Ana miaka hamsini na tisa na ndevu za mbuzi anazozipunguza mwenyewe kwa mkasi wa kitambaa. Miaka mitano alilala chini ya kibaraza cha duka lililofungwa kule Marshalltown, tangu jengo alilokuwa amepanga lilipofungwa siku moja na cherehani yake ikabaki ndani.

Mwezi wa nne tulimpatia chumba La Rochelle, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja Mreno, Dona Amélia. Ofisi inatoa furushi la kuanzia maisha: blanketi mbili, sufuria moja, sahani mbili, vikombe viwili, jiko la umeme la duara moja. Nilimkabidhi ufunguo. Alisaini kwa mkono mzuri wa mtu aliyezoea kuchora chaki juu ya nguo. Nikapiga picha ya ufunguo ukiwa kwenye kiganja chake, kwa ajili ya ripoti. Wafadhili wanapenda sana funguo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumtembelea. Harufu ilinipokea mlangoni kabla yake.

Ndagala.

Kwa asiyezijua, ni vile visamaki vidogo vya ziwa letu, virefu kama kidole cha mtoto, vinavyoanikwa mpaka vikauke. Kigoma wanaviita dagaa. Papa Lazaro alikuwa amezikaanga kwa mawese na vitunguu, ugali umefunikwa kwa sahani ya pili, na stuli ya pekee chumbani imewekwa mahali pa heshima, imeegemezwa ukutani ili mgeni auone mlango. Yeye alikuwa amejiandalia ndoo iliyogeuzwa.

Nikasema nimeshakula.

Sikuwa nimekula tangu jana yake.

Kanuni ya ofisi inasema mfanyakazi asipokee kitu chochote kwa mteja, hata maji. Ni kanuni ya busara. Ilitungwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakienda kutembelea wateja na kurudi na kuku. Lakini sikumtajia Papa Lazaro kanuni yoyote. Ningeitaja, angalau angejua kwamba aliyemkatalia ni karatasi. Mimi nilisema nimeshakula, na kwetu hiyo si sababu. Kwetu hata aliyeshiba mpaka anahema ataketi, atamega tonge moja, atanawa, atashukuru. "Nimeshakula" ni neno la mtu asiyetaka.

Ziara ya pili alipika tena. Safari hii alikuwa ametandika kitambaa alichokishona kwa mkono, vipande vya suruali za walinzi, za bluu na za khaki, kingo zimepindwa sawasawa kama za fundi wa maaskofu. Nikasema nina haraka, gari la ofisi linanisubiri nje. Gari la ofisi! Ofisi yetu haina hata baiskeli. Nilikuwa nimekuja kwa teksi, hizi daladala za huku, nimebanwa kati ya mama na gunia la kabichi. Papa Lazaro akachungulia barabarani, hakuona gari, akafunika sahani.

Ziara ya tatu hakupika. Chumba kilikuwa safi, sufuria imefudikizwa. Tuliongea habari za kufuli. Nilipotoka nikaandika kwenye faili: mteja anaendelea vizuri.

Nimefanya kazi hii miaka sita sasa, na nimegundua kwamba sentensi hiyo huandikwa mara nyingi wiki moja kabla mteja hajatoweka.

Jumatatu ya wiki hii Dona Amélia akapiga simu. Ana miaka sabini na kitu na huniita msichana wake, jambo ambalo kwa umri wangu nalipokea kama zawadi, na kanuni haijui. Akasema taa ya chumba cha nyuma haijawaka siku kumi na nane. Anaogopa mtu amekufa humo. Nikaenda mbio na ufunguo wa akiba, nikafungua.

Hakuna aliyekufa. Blanketi zilikuwa zimekunjwa pembe kwa pembe. Kile kitambaa cha vipande kilikuwa juu yake. Kitanda hakikuwa na hata mkunjo mmoja. Nilihesabu vitu vya furushi kimoja kimoja na vyote vilikuwepo, isipokuwa sufuria.

Mtu anayehama na sufuria peke yake anataka kusema neno. Mimi sikutaka kulisikia.

Msimamizi wangu, Thandeka, ni mwanamke wa maneno machache na kalamu nyingi. Akanikumbusha utaratibu: chumba kikilala kitupu siku ishirini na moja, kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Na anayefuata yupo. Namjua; mimi ndiye niliyemhoji. Analala kwenye bweni la kanisa, vitanda thelathini, na kila asubuhi saa kumi na mbili wanatolewa nje pamoja na mifuko yao. Amesubiri tangu mwaka jana. Siku ya ishirini na moja ni leo, kikao ni kesho Ijumaa asubuhi.

"Ama anaishi pale, ama haishi," Thandeka akasema. "Ijumaa nipe neno moja."

Fomu yetu ina visanduku vya sababu za mteja kuacha makazi: pombe, dawa za kulevya, afya ya akili, ugomvi na mwenye nyumba, upweke, nyinginezo. Nikaweka tiki kwenye upweke. Ni kisanduku cha watu wenye adabu. Unakiweka pale ambapo hujui, na hakuna anayekuuliza swali la pili.

Jana nikaenda Marshalltown.

Sikuhangaika kumtafuta. Alikuwa pale pale, amekaa kwenye kreti, anapinda suruali ya mlinzi kwa sindano ya mkono. Kando yake ni mama wa magwinya, yale maandazi ya huku yaliyojaa mafuta, mwanamke mnene mcheshi ambaye kwa miaka mitano karai lake lilikuwa jirani wa usingizi wa Papa Lazaro. Na sufuria yetu, sufuria ya furushi, ilikuwa juu ya jiko lake la gesi. Walinzi wawili waliokuwa kwenye mapumziko walikuwa wamechuchumaa wanachovya ndani yake, wanalamba vidole. Thandeka angeiona picha hiyo angeandika kwamba mteja ana mtandao mzuri wa kijamii.

Alinisalimia bila kuinuka, lakini alinisalimia kikamilifu. Aliniuliza habari za mama yangu kwanza, kama inavyopasa. Nikasema mzima. Halafu nikatoa maswali ya ofisi, moja baada ya jingine, kama karani wa mpakani. Dona Amélia alikufukuza? Hapana. Kuna mtu anakusumbua kule? Hata panya. Umeme? Upo. Sasa chumba kina ubaya gani?

Alikata uzi kwa meno. Akaipangusa suruali, akaikunja, akaiweka magotini.

"Chumba kiko muzuri, mama," akasema. Ananiita mama ijapokuwa ningeweza kuwa binti yake, ndivyo tulivyo. "Lakini hakuna mutu alishakula mule."

Nikakunja fomu ya maswali.

"Nilipika mara mbili. Mugeni wa kwanza mu nyumba yangu ni mutoto wa Uvira, mutu wa ziwa letu. Anakataa. Mara mbili. Ungekuwa mutu wa huku ningesema hajui ndagala, zinamunukia. Lakini weye?"

"Papa, ni kanuni ya kazi."

"Na ile kanuni ilikuwa na gari?"

Mama wa magwinya hajui neno la Kiswahili, lakini aliacha kugeuza maandazi. Kuna sauti ambayo haihitaji mkalimani.

Halafu akasema lile ambalo tangu jana limenikaa kifuani kama mfupa. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kwa upole, na upole ndio uliouma.

"Nilifikiri unajua kitu. Nilisema, huyu mama anafanya kazi mu ofisi, anaona makaratasi. Anajua hawataniacha nikae. Anaona haya kula chakula cha mutu atakayefukuzwa. Basi nikaona nitoke mwenyewe, kuliko kungoja kutolewa mara ya pili."

Ndiyo hivyo. Kwetu mgeni wa kwanza ndiye anayeifungua nyumba mpya, na anaifungua kwa mdomo wake. Akila, nyumba imekubaliwa. Akikataa, imekataliwa, na mwenye nyumba anaanza kujiuliza mgeni ameona nini ambacho yeye hajakiona. Hilo sikufundishwa na ofisi. Nilifundishwa na mama yangu, nikiwa na miaka sita, kwa kofi dogo la mkono, siku nilipokunja pua kwa jirani aliyehamia.

Nilijua. Sina pa kujificha. Mtu mwingine yeyote wa ofisi yetu angefanya kosa hilo kwa kutojua. Mimi peke yangu niliweza kulifanya huku nikijua.

Niliporudi nyumbani nilijiuliza kwa nini, na sikukubali jibu la kanuni. Kanuni nimevunja nyingi. Nilishajiita dada wa mteja hospitalini ili niruhusiwe kuingia wodini. Nilishampa mteja sweta langu la kijani, na nikaandika kwamba limepotea. Siogopi kanuni kiasi hicho.

Niliogopa ndagala.

Mama yangu yuko Uvira. Jumapili, siku simu inapoingia, na siku hizi haiingii kila Jumapili, tunaongea dakika chache. Huwa haniulizi habari za kazi. Ananiambia amepika nini. Leo nimekaanga ndagala, anasema, nimekuwekea. Kila Jumapili: nimekuwekea. Nami nasema asante mama, nitakuja mwakani. Nimesema mwakani kwa miaka kumi na moja. Karatasi yangu inaniruhusu kukaa hapa, hainiruhusu kwenda kule na kurudi. Ni kama mlango unaofunguka upande mmoja, na upande wenyewe si ule unaoutaka. Kwa hiyo nilikata shauri, kimya kimya, bila kumwambia mtu, kwamba ndagala nitazila siku nitakapoketi jikoni kwa mama. Kwenye maduka ya Wakongo nazipita nikiwa nimeziba pumzi kama mtu anayepita kwenye moshi. Miaka kumi na moja.

Ni upumbavu, lakini ni upumbavu wangu, niliutunza vizuri. Tatizo ni kwamba mtu mwingine alikaribia kuupoteza usingizi wa kitandani kwa ajili yake.

Jana jioni nikampigia Thandeka nikamweleza yote: chakula, uongo wa gari, mgeni wa kwanza. Mama yangu sikumtaja.

"Na wewe ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Eish." Akaguna. "Kwetu, bibi yangu angekufukuza wewe. Si yeye."

Halafu akarudi kuwa msimamizi. Akasema hana mamlaka ya kuniruhusu kula kwa mteja. Kanuni ni ya bodi. Lakini akanikumbusha kwamba fomu ya miezi mitatu ina ukurasa wa nne, ule ambao sisi sote huujaza kwenye teksi bila kuusoma. Unasema mteja aonyeshe uwezo wa kupika na kutumia jiko kwa usalama, na mfanyakazi ashuhudie mwenyewe.

"Basi nenda kashuhudie," akasema. "Ushuhudie mpaka ushibe."

Asubuhi ya leo nikawa Marshalltown kabla karai la magwinya halijapata moto. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, nimeyapanga njiani kama mashtaka. Nikasema moja tu, kwamba leo nimekuja kula kwake.

Papa Lazaro alinitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama kidogo, kama anavyomtazama mtu anayesema kiuno chake hakijaongezeka.

"Na gari lako litangoja?"

"Nimeliuza, Papa."

Akachomeka sindano kwenye kola yake. Akamweleza mama wa magwinya, kwa Kizulu chake cha kuokota, kwamba leo chakula cha mchana kiko nyumbani kwake. Alisema nyumbani, neno hilo la Kizulu nalijua. Mama wa magwinya akamwachia jirani karai, akafunga maandazi sita kwenye mfuko, maana hata huku hakuna anayekwenda kwa mtu mikono mitupu. Tukapanda teksi. Papa Lazaro aliipakata sufuria njia nzima, na konda alipotaka kuisogeza alimtazama hivi, konda akaghairi.

Njiani tulishuka kwenye duka la Wakongo, lile ambalo mimi hulipita bila kupumua. Nilibaki nje. Bado sikuwa hodari kiasi hicho.

La Rochelle alifungua kufuli, akafungua dirisha, akaniomba nisubiri uani. Nami nikasubiri juani na mama wa magwinya, tukisikia maji yakimwagwa, mara moja, mara ya pili, ya tatu. Halafu mafuta yakalia. Harufu ikatoka, ikapanda ukuta, ikaingia kwa Dona Amélia bila kubisha.

Dirisha la jikoni likafunguka. Dona Amélia akasema, na nafupisha, kwamba alipangisha chumba, hakupangisha pua yake. Kwamba ndege wake wawili wa kwenye tundu wamenyamaza tangu harufu ianze na wakifa atajua wa kumlaumu. Kwamba kama kila siku itakuwa hivi, atazungumza na ofisi.

Nilianza kuomba radhi. Katikati ya radhi, mwanga ukaniingia kichwani. Nikatoa faili kwenye mkoba, nikamwomba arudie polepole. Nikaandika: mwenye nyumba analalamika juu ya harufu kali ya chakula kutoka chumba cha nyuma, saa saba mchana. Nikampa kalamu asaini. Alinishuku, lakini mtu mwenye lalamiko hakatai kusaini.

Chumba kisicho na mtu hakinuki. Katika miaka sita sijapata ushahidi mzuri wa makazi kama pua ya Dona Amélia.

Tukaitwa ndani. Alitunawisha kwa birika, mimi kwanza kisha mama wa magwinya, maji ya vuguvugu, kitambaa safi begani mwake. Kile kitambaa cha vipande kilikuwa kimetandikwa. Mimi nikapewa stuli, mama wa magwinya kitanda, yeye ndoo. Akapakua. Halafu akaweka mikono magotini, akangoja.

Nikamega tonge. Nikaliviringisha, nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikachota ndagala tatu pamoja na mafuta yake mekundu. Nikatia mdomoni.

Ladha nilikuwa nimejiandaa nayo. Nilikuwa nimeikazia meno tangu asubuhi. Nisichojiandaa nacho kilikuwa kidogo zaidi, kilikwaruza kwenye jino la nyuma, upande wa kushoto.

Mchanga.

Kwetu ndagala huanikwa ufukweni, juu ya mchanga. Uzioshe upendavyo, chembe moja au mbili zitabaki. Wake za watu wamegombezwa kwa ajili ya chembe hizo. Mama yangu huzichukia, huosha huku akizitukana. Mimi nilikua nikizitema ukingoni mwa sahani bila kufikiri. Na leo chembe imetoka ufukweni kwetu, imepanda gunia, imevuka Zambia na mipaka yote yenye foleni na mihuri, imefika kwenye jino langu La Rochelle. Hiyo ni njia ambayo karatasi zangu zinanikatalia. Yenyewe imepita bila viza.

Nilisimamisha taya. Papa Lazaro aliliona. Fundi huona kila kinachokwama.

"Nisamehe, mama," akasema, na uso wake ukaanza kujifunga. "Niliziosha mara tatu."

Sikuitema. Nikameza.

"Papa," nikasema, "siku nyingine osha mara mbili."

Akacheka, kicheko cha chini kilichoanzia mabegani, akanawa mikono yake, akamega. Mama wa magwinya akataka kujua kinachochekesha. Nilipomtafsiria, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema watu wanaoagiza mchanga kwenye chakula Mungu alifanya vizuri kuwatoa kijiji kimoja. Naye akazila, akasema zina chumvi, akaongeza.

Nilikula mpaka nikaona chini ya sahani. Papa Lazaro akapakua tena bila kuuliza. Nikala tena. Ukurasa wa nne umeshuhudiwa kikamilifu.

Kabla ya kuondoka nikamuuliza, kwa sauti ya ofisi, kama leo atalala hapa. Aliudhika kidogo, na nilifurahi kuona anaudhika.

"Mutu anauliza mwenye nyumba kama atalala kwake?"

Kwa hiyo kesho nitampa Thandeka neno lake moja. Anaishi.

Lakini humu ndimo ninamosema kweli, basi niseme na hili. Yule mwanamke wa bweni la kanisa ataendelea kusubiri. Siku ishirini na moja chumba kilikaa kitupu kwa sababu yangu, na yeye siku ishirini na moja alitolewa nje na mfuko wake saa kumi na mbili asubuhi, barafu ikiwa bado kwenye majani. Hakuna sahani ya ndagala itakayolifuta hilo. Kesho baada ya kikao nitakwenda kumwambia mwenyewe kwamba chumba bado hakijapatikana, nami sitasema nina haraka.

Mama wa magwinya ilibidi arudi kwenye karai lake, nami ofisini, tukaaga pamoja. Papa Lazaro akatusindikiza. Uani tulimsalimia Dona Amélia, aliyetuonyesha kwamba ndege wameanza kulia tena, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa haki yake. Getini Papa Lazaro akatufungulia, tukatoka, yeye akabaki upande wa ndani. Alisema angetufikisha kwenye roboti, taa za barabarani za huku, ila vyombo havijaoshwa.

Miaka mitano nimemwona mtu huyu akiwatazama wengine wakielekea makwao. Leo wa kwenda tulikuwa sisi.

Mwenyeji wa kwetu haingii ndani mpaka wageni wapotee machoni. Tulipofika kwenye kona nikageuka. Alikuwa bado amesimama pale, mkono juu ya komeo, upepo unampiga, hana koti. Mama wa magwinya alitaka tusimame kidogo apumzishe magoti yake. Nikamshika mkono nikamvuta, tukapinda kona upesi, ili mwenyeji wetu aweze kuingia.